Pau zote zimejaa, lakini hakuna kinachosonga

Ilikuwa tarehe 30 Juni, saa mbili usiku, na saiba ya dada mmoja hapa Kisauni ilikuwa imefurika mpaka barazani. Wakenya wanajua siku hiyo ina nini: ndiyo ya mwisho ya kufaili ritani za kodi. Watu wameshika vitambulisho na fomu za P9, wengine wamekalia kreti za soda, na kila skrini ina kigurudumu kinachozunguka.

“Kaka, hebu tazama,” aliniambia, akinigeuzia simu yake. “Pau zote zimejaa. Sasa tatizo liko wapi?”

Kweli zilikuwa zimejaa. Rauta ya meshi, yaani mtandao wetu wa mtaa ambao rauta zinapokezana data kutoka paa hadi paa, iko juu ya paa lake, na tulikuwa tumesimama chini yake hasa. Baadhi ya watu walishaanza kuilaumu tovuti ya kodi, na usiku kama ule nani angewakatalia? Lakini kijana mmoja aliyekuwa akitumia bando la simu yake alifaili, akapata risiti, akaondoka huku wote wakimsindikiza kwa macho.

Kumbe tovuti ilikuwa nzima.

Nikatembea hadi nyumba yenye faiba, ambako ndiko lango la mtandao wetu wote. Nikafungua ukurasa wa rauta ya pale, nikitarajia kukuta laini imeelemewa. Faiba ilikuwa karibu haina kazi.

Ndicho kitu kilichonikaa kichwani wiki zilizofuata. Huku watu wanangoja, kule faiba imelala, na katikati kuna mapaa machache ya mabati ambayo kila moja linadai halina tatizo.

## Chaneli ina shughuli, kazi haionekani

Kutoka kwenye faiba, data yetu inaruka hadi ghorofa lililo karibu na barabara, kisha madrasa, kisha duka la dawa, ndipo ifike saiba. Miruko minne. Rauta nyingi zina redio moja tu, ya 2.4 GHz, kwa hiyo zote zinazungumza kwenye chaneli moja. Zingekuwa kwenye chaneli tofauti zisingesikiana, na meshi isingekuwepo.

Wengi wetu tukiambiwa mtandao ni mzito tunakimbilia kupima kasi. Kipimo cha kasi hukwambia kwamba unaumwa, hakikwambii wapi. Kilichonifungua macho ni amri moja ambayo iko kwenye kila rauta yenye OpenWrt, programu huria ya kuendeshea rauta, na ambayo watu hawaitumii: `iw dev wlan0 survey dump`. Inatoa namba chache kavu. Mojawapo ni muda ambao redio imekuwa ikisikiliza chaneli, nyingine ni muda ambao chaneli hiyo ilikuwa na mtu anayezungumza. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, unajua hewa imejaa kiasi gani.

Nilipoipima pale duka la dawa jioni, hewa ilikuwa na shughuli karibu muda wote. Halafu nikajumlisha data iliyowafikia watu kweli katika muda huohuo. Kidogo mno.

Basi hewa ilikuwa imejazwa na nini?

## Kila mmoja na namba yake

Mwaka 1971, Norman Abramson na wenzake katika Chuo Kikuu cha Hawaii waliwasha ALOHAnet, mtandao wa redio uliounganisha visiwa vyao na kompyuta kuu. Sheria yake ilikuwa rahisi kupita kiasi: ukiwa na pakiti, yaani kipande cha data, itume. Usipopata jibu kwamba imefika, subiri muda wa kubahatisha, itume tena. Hesabu ya mpango huo inajulikana na inatisha. Hata mambo yakienda vizuri kabisa, asilimia 18 hivi tu ya muda wa chaneli ndiyo inayobeba kitu. Ukizidisha watumaji baada ya hapo, kinachofika kinapungua.

Waifai ya leo ni mjukuu wa mpango ule, mjukuu aliyefunzwa adabu. Kabla ya kusema, rauta inasikiliza kwanza. Ikikuta kimya, inachagua namba ya kubahatisha kuanzia 0 hadi 15, inahesabu kurudi nyuma kwa vipande vya mikrosekunde 9, na ikifika sifuri inatuma. Uthibitisho usiporudi, inadhani pametokea mgongano, kwa hiyo inapanua uwanja wa namba: hadi 31, kisha 63, na kuendelea mpaka 1,023. Halafu inatuma tena pakiti ileile.

Soma sentensi hiyo ya mwisho mara mbili. Pakiti ileile. Kila ikirudiwa inachukua muda wa hewa ambao ungebeba pakiti nyingine, na rauta zote za jirani zinalazimika kunyamaza zikiisubiri imalize, hata kama haielekei kwao na hata kama itaharibika tena.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba swali langu lilikuwa limekaa upande. Nilikuwa nauliza tutaongezaje kasi. Nilipaswa kuuliza ni nani anayesema bila kusikika.

## Duka la dawa liko katikati

Jibu la kwanza lilikuwa juu ya paa la duka la dawa.

Rauta ya duka hilo inaisikia madrasa upande mmoja na saiba upande wa pili. Lakini madrasa na saiba hazisikiani. Kuna jengo la ghorofa tano baina yao. Madrasa ikisikiliza inakuta kimya. Saiba ikisikiliza inakuta kimya vilevile. Zote zinaanza kutuma kuelekea duka la dawa kwa wakati mmoja, na duka la dawa halipati hata moja.

Tobagi na Kleinrock walilieleza tatizo hili la kituo kilichofichika mwaka 1975, kwa hiyo siyo ugunduzi wangu. Ambalo sikuwa nimelitafakari ni kwamba halihitaji watu wawili. Mteja mmoja pale saiba anapakua faili moja: data inateremka kutoka madrasa, na kompyuta yake inarudisha majibu ya TCP, kanuni inayohakikisha kila kipande kimefika, “nimepata, nimepata,” yakipanda kutoka saiba. Data na majibu yake vinagongana palepale duka la dawa. Mtu anapakua peke yake usiku wa manane, na bado anajizuia mwenyewe.

Dawa ya kwenye vitabu ipo. Mwaka 1990 Phil Karn, mtu wa redio za ridhaa, alipendekeza mpango alioupa jina la MACA: kabla ya kutuma pakiti kubwa, tuma kwanza ombi dogo, mpokeaji akijibu kwa ruhusa, kila anayeisikia ruhusa ile anyamaze. Madrasa haiisikii saiba, lakini inalisikia duka la dawa likisema “saiba, endelea,” na hilo linatosha. Wazo hilo liliingia kwenye 802.11, kiwango cha waifai, mwaka 1997, na rauta yako inalo, ingawa kwa kawaida limezimwa.

Tuliliwasha kwenye rauta tatu za katikati. Lilisaidia, ila si kwa kiasi nilichokitegemea. Maombi na ruhusa hutumwa kwa kasi ya chini ili kila mtu azisikie, kwa hiyo nazo zinakula hewa. Kwa pakiti ndogo, ombi na ruhusa vinaweza kuchukua muda mrefu kuliko mzigo wenyewe. Tukaweka kikomo: pakiti kubwa ziombe ruhusa, ndogo zijitupe tu zikabahatishe.

Fundi wetu, kijana anayepanda bomba la antena kama anayekwenda chumbani kwake, hakuipenda njia hii. Yeye alitaka nguvu. “Tuongeze pawa, kaka. Madrasa na saiba zisikiane moja kwa moja, yaishe.”

Sikuwa na jibu la haraka, na lilinichukua siku kadhaa kulipata. Redio huvuruga mbali kuliko inavyosikika. Ishara dhaifu mno kusomeka bado inatosha kuharibu ishara ya mwingine, au kuifanya rauta ya mbali iamini kwamba chaneli ina mtu na inyamaze. Ukiongeza nguvu kwenye paa moja umewafikia wawili zaidi, na umewanyamazisha kumi. Kule mashambani, rauta zikiwa chache na mbali, fundi angekuwa sahihi. Kisauni, palipo na waifai kwenye kila dirisha, nguvu zaidi ni kelele zaidi.

Tulipunguza, kwenye mapaa yaliyo karibukaribu. Fundi alishuka akiwa hajaridhika.

## Kinachofia njiani

Mwaka 2001 watafiti wa MIT, Jinyang Li na wenzake akiwemo Robert Morris, walichapisha utafiti ambao kila mwenye meshi angepaswa kuusoma kabla ya kununua rauta ya pili. Walichukua mnyororo wa vituo, kila kimoja kikimsikia jirani yake, wakauliza: data ikipitishwa kutoka mwanzo hadi mwisho, itabaki kasi gani?

Kwa mantiki, robo. Kituo cha kwanza kikizungumza, cha pili na cha tatu lazima vinyamaze, na cha nne nacho kiko karibu mno. Cha tano ndicho kinachoweza kusema wakati mmoja na cha kwanza. Kwa hiyo zamu ni moja kati ya nne.

Walipoiga mnyororo huo kwa 802.11 kamili kwenye kompyuta, walipata karibu sehemu moja ya saba.

Pengo kati ya robo na sehemu ya saba ndilo lililonikosesha usingizi. Limekwenda wapi? Maelezo yao ni ya ajabu kwa urahisi wake. Kituo cha kwanza kwenye mnyororo kina jirani upande mmoja tu, kwa hiyo kinabanwa na wachache na kinapata nafasi ya kusema mara nyingi. Vituo vya kati vinabanwa pande zote mbili. Basi cha kwanza kinamwaga pakiti nyingi kuliko vya kati vinavyoweza kupitisha. Pakiti zinarundikana kwenye kituo cha pili au cha tatu, foleni inajaa, zinatupwa.

Na kabla ya kutupwa zilishatumia hewa. Zilisafiri mruko mmoja au miwili, zikawanyamazisha majirani, kisha zikafa bila kumfikia mtu.

Nikarudi kwenye rauta ya ghorofa nikatazama hesabu ya pakiti zilizotupwa. Zilikuwa nyingi mno. Lango letu, likiwa na faiba nyuma yake, lilikuwa linatapika data kwa ghorofa kwa kasi ambayo madrasa isingeweza kamwe kuipokea na kuipitisha. Chaneli ilikuwa na shughuli muda wote kwa sababu tulikuwa tunaibebesha mizigo ambayo haikuwa ifike.

## Njia fupi isiyo fupi

Itifaki nyingi za zamani za uelekezaji huchagua njia kwa kuhesabu miruko: michache ndiyo bora. Inasikika kama akili ya kawaida, na kwa waya ni sawa. Kwa redio ina madhara, kwa sababu njia yenye miruko michache ni ile yenye miruko mirefu, na mruko mrefu ndio unaopoteza pakiti.

Kundi lilelile la MIT, waliokuwa na meshi halisi juu ya mapaa ya Cambridge iliyoitwa Roofnet, walileta kipimo cha ETX mwaka 2003. ETX inauliza: ili pakiti moja ifike na uthibitisho urudi, itabidi itumwe mara ngapi kwa wastani? Chukua uwezekano wa kufika kwenda, uzidishe kwa uwezekano wa kufika kurudi, gawa 1 kwa jibu hilo.

Fanya hesabu. Ghorofa linaweza kulifikia duka la dawa moja kwa moja, kwa kubahatisha, nusu kwenda na nusu kurudi: 1 ugawe kwa 0.25, ni mara 4. Likipitia madrasa, kila mruko ni wa 0.9 kwenda na 0.9 kurudi: mara 1.23, na miruko miwili ni kama 2.5. Njia ndefu ndiyo yenye hewa nafuu.

Nilipenda sana kipimo hiki, na bado nakipenda, lakini kina tabia moja inayonitia wasiwasi. Kinajua hali ya kiungo kwa kutuma vijipakiti vya majaribio na kuhesabu vingapi vimefika. Hewa ikijaa, vijipakiti hivyo vinagongana na vingine. Rauta inadhani kiungo kimeharibika, kumbe kina watu wengi tu. Inahamishia kila mtu njia ya pili. Njia ya pili inajaa, vijipakiti vyake vinapotea, watu wanarudishwa ya kwanza. Usiku wa tarehe 30 Juni, kumbukumbu za rauta zinaonyesha njia ya saiba ikibadilishwa tena na tena, na kila badiliko liliandamana na matangazo mapya ya njia kwa mtandao mzima.

Yaani tiba ya msongamano ilikuwa inaongeza msongamano.

Tulichofanya ni kuifanya rauta iwe nzito kushawishika: isihame mpaka njia mpya iwe bora kwa tofauti ya kuonekana, na kwa muda. Wengine wataona huo ni uvivu. Kwa mtandao uliojaa, nadhani ni hekima.

## Megabiti moja kwa sekunde

Sehemu hii ndiyo ilileta nafuu kubwa kuliko zote kwa kazi ndogo kuliko zote, na ndiyo pia ninayoionea mashaka zaidi.

Kwenye 2.4 GHz, kasi ya chini kabisa ya waifai ni megabiti 1 kwa sekunde, urithi wa siku za mwanzo. Pakiti ya baiti 1,500 kwa kasi hiyo inachukua milisekunde 12 za hewa. Kwa megabiti 54, pakiti hiyohiyo inachukua chini ya robo ya milisekunde, ukiacha utangulizi wake. Matangazo yote ya kwa wote, kama rauta kujitambulisha na simu kutafutana, hutumwa kwa kasi ya chini ili aliye mbali naye asikie. Na kwenye meshi tangazo linarudiwa kila paa. Simu moja ikiuliza “printa iko wapi?” swali lake linazunguka mtaa mzima kwa mwendo wa mwaka 1997.

Halafu kuna jambo ambalo Martin Heusse na wenzake nchini Ufaransa walilionyesha mwaka 2003. Waifai inagawa zamu kwa usawa, haigawi muda. Mwenye megabiti 1 na mwenye megabiti 11 wanapata zamu sawa, lakini zamu ya wa kwanza inachukua muda mrefu kupita kiasi, na matokeo yake wote wawili wanateremka hadi chini ya megabiti 1. Mtu mmoja wa mbali anawavuta wote.

Kwa hiyo tulifuta kasi za chini. Rauta zikaacha kukubali 1, 2, 5.5 na 11. Matangazo yakahamia kasi ya juu. Maswali ya printa yakakomea kwenye paa lake. Siku hiyohiyo jioni namba za hewa pale duka la dawa zilishuka kwa kiasi cha kunifanya nidhani kifaa kimezimika.

Kisha mama anayeuza mboga kule mwisho wa kichochoro akamtuma mwanawe kuuliza kwa nini waifai imepotea.

Haikupotea. Tulikuwa tumemwondoa. Alikuwa akiishi kwenye ile megabiti 1, pau moja na nusu, akipokea picha za mboga za wateja taratibu. Kwenye makala za kitaalamu mtu wa aina yake ni mstari kwenye grafu, na mstari ukiondolewa wastani unapanda. Mimi namfahamu, na mchicha wa nyumbani kwangu unatoka kwake.

Linux imeanza kuwa na jibu la heshima zaidi. Mwaka 2017 Toke Høiland-Jørgensen na wenzake walionyesha namna ya kugawa muda wa hewa badala ya zamu: mtu wa polepole anapata dakika zake kama wengine, afanye nazo awezacho, asile za mwenzake. Matoleo ya karibuni ya OpenWrt yanalo hilo kwa baadhi ya redio. Redio zetu mbili tu ndizo zinazoliweza. Kwa mama mboga tulivuta waya kutoka saiba, tukamwekea kirauta kidogo juu ya mlango. Waya wa mita chache ulimaliza ambacho hesabu haikukimaliza.

## Nyanya za Loitokitok

Bado kulikuwa na foleni.

Rauta ikishindwa kutuma pakiti sasa hivi, inaiweka pembeni. Watengenezaji wa vifaa, kwa kuwa kumbukumbu ni rahisi siku hizi, wameweka foleni ndefu mno, wakidhani kutotupa pakiti ni wema. Lakini pakiti ni kama nyanya za Loitokitok zinazokwenda Kongowea: lori likikwama siku tatu njiani halikupoteza hata tenga moja, na sokoni hakuna atakayenunua. Pakiti ya simu ya sauti iliyosubiri sekunde mbili haina faida. Pakiti ya ukurasa ambao mtu ameshaubonyeza upya ndiyo mbaya zaidi, maana sasa zipo mbili.

Van Jacobson aliona kitu cha jamaa na hiki mwaka 1986, laini kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu cha jirani ilipoporomoka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40. Biti, siyo kilobiti. Majengo yale yako mita mia chache tu kutoka kimoja hadi kingine. Mashine zilikuwa zikituma upya vitu ambavyo tayari vilikuwa njiani. Kutokana na mkasa huo TCP ikafundishwa kupunguza mwendo ikiona pakiti imepotea.

Foleni ndefu inaificha dalili hiyo. Hakuna kinachopotea, kwa hiyo TCP haijui kama ipunguze, inazidi kusukuma. Mwaka 2012 Jacobson huyohuyo, akiwa na Kathleen Nichols, alileta CoDel: usitazame urefu wa foleni, tazama pakiti imekaa humo muda gani. Kama kusubiri kunazidi milisekunde 5 mfululizo kwa milisekunde 100, anza kutupa. Tupa mapema, tupa kidogo, mtumaji ataelewa.

Kabla ya hapo, pingi, yaani muda wa pakiti kwenda na kurudi, kutoka saiba hadi langoni ilikuwa ikifika sekunde nzima na zaidi nyakati za jioni. Baada ya kuwasha fq_codel, toleo la CoDel, kila paa na kufupisha foleni za chini ya redio, ikawa mara chache kupita makumi ya milisekunde. Kasi ya kupakua haikubadilika sana. Watu ndio waliobadilika. Waliacha kubonyeza upya.

## “Unapunguza ili iongezeke?”

Sasa nilirudi kwa dada wa saiba na pendekezo ambalo nilijua litaniletea maneno. Nilitaka kule langoni, pale kwenye faiba, tuweke kikomo. Data isiingie kwenye meshi kwa kasi ya faiba, iingie kwa kasi ambayo mnyororo wa mapaa unaweza kuifikisha mwisho, na kidogo chini yake.

“Subiri kwanza, kaka,” alisema. “Faiba tunailipia nzima. Wewe unataka tutumie kipande?”

“Kipande ndicho kinachofika hata sasa.”

“Kwa hiyo unapunguza ili iongezeke?”

Nilijaribu kumweleza habari za mnyororo wa MIT, nikaona macho yake yanahamia kwa mteja aliyekuwa anataka kuskani cheti. Akanikatiza: tujaribu, ila nikae palepale, na wateja wakilalamika nirudishe ilivyokuwa mbele yake.

Tulijaribu siku ya Jumatatu, maana Jumatatu saiba hujaa. Kikomo kikakaa chini kidogo ya kile nilichokuwa nimeona kinafika saiba hewa ikiwa tulivu. Pakiti zinazotupwa pale ghorofani zilipungua hadi karibu kwisha. Kilichowafikia wateja kilipanda, tena kwa kiasi ambacho hata yeye alikiona bila kipimo chochote. Foleni ikahamia langoni, mahali pekee penye taarifa kamili za nani anataka nini, na pale CAKE, programu ya kusimamia foleni, inaigawa kwa haki baina ya mapaa.

“Mimi sielewi,” alisema, “lakini usiguse tena.”

## Dari

Mwaka 2000 Piyush Gupta na P. R. Kumar walitoa hesabu inayosema kwamba vituo vikiongezeka kwenye eneo lilelile, kila mmoja akizungumza na mwingine yeyote popote alipo, fungu la kila mmoja linapungua kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha idadi yao, na zaidi kidogo. Mara nne ya vituo, chini ya nusu ya fungu. Hakuna mpangilio wa rauta unaovuka hapo.

Hesabu hiyo ilinifanya nijiulize kwa dhati kama kuna maana ya kuendelea. Tumechonga, tumepunguza, tumenyamazisha, na bado dari ipo pale juu, na kila mtaa unaotuomba tuuunganishe unatusogeza karibu nayo.

Ila lile sharti, “popote alipo,” ndilo lenye mlango. Li na wenzake waliliona: mawasiliano yakiwa ya karibu, mtandao unaweza kukua bila kujisonga. Watoto wa madrasa wanaotazama masomo yaleyale hawana haja ya kuyavuta kutoka ng’ambo kila mmoja kwa zamu yake. Mashine moja yenye Kolibri, programu ya masomo yasiyohitaji intaneti, ndani ya madrasa inayatoa palepale, mruko mmoja. Kibera, mtandao wa jamii wa TunapandaNET umeunganisha shule na vituo vya vijana vilivyo jirani, na naamini ujirani huo ndio nguvu yake kuliko megabiti zozote.

Njia ya pili ni kuukata mnyororo. Lango la pili la faiba upande wa duka la dawa, kwenye chaneli nyingine, na saiba inakuwa mruko mmoja badala ya minne. Baadhi ya wanachama wanalalamika kwamba hiyo siyo meshi tena, ni vimeshi viwili. Mimi sioni ubaya. Sikuwahi kuipenda meshi kwa sababu ya umbo lake.

Mwenye duka la dawa amekubali kutoa ukuta na umeme, bado tunabishana nani atalipa usakinishaji. Fundi naye anataka lango jipya lipewe chaneli ya megahezi 40 kwa kuwa kwenye boksi wameandika inakimbia maradufu. Ninataka 20, maana 40 kwenye 2.4 GHz inakanyaga nusu ya chaneli za mtaa. Tumekubaliana tuzipime zote mbili jioni ya siku ya kazi, saiba ikiwa imejaa, na namba za duka la dawa ndizo zitakazoamua.